Jinsi ya Kupima Monita ya Inchi 24 Kabla ya Kulipa

Mteja anayeingia duka la kompyuta mjini Mwanza kwa kawaida huuliza mambo mawili: ni inchi ngapi, na ni shilingi ngapi. Yote mawili yanastahili kuulizwa, lakini hayakuambii kama utaweza kusoma jedwali la hesabu saa kumi jioni bila kukunja uso. Nimefanya kazi ya steshenari Nyegezi kwa miaka kadhaa, nikichapa barua, ripoti za wanafunzi na ankara za mafundi, na ninaamini kwa dhati kwamba monita ipimwe kwanza kwa kazi utakayoifanyia na kwa mwanga wa chumba itakapokaa.

Ukubwa usomwe pamoja na idadi ya pikseli, yaani nukta ndogondogo zinazounda picha. Inchi hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala, bila fremu, hivyo monita iitwayo ya 24, ambayo mara nyingi ni 23.8, ina upana wa karibu sentimita 53. Ikiwa na pikseli 1920 kwa 1080, kila inchi hupata pikseli zipatazo 92, na hapo herufi hukaa vizuri ukiwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Pikseli hizohizo zikitandazwa kwenye inchi 27 hubaki kama 82 kwa inchi, na kingo za herufi huanza kukwaruza macho. Ukubwa huo unahitaji pikseli 2560 kwa 1440. Niliwahi kununua ya 27 yenye pikseli chache kwa sababu ilipendeza rafuni, na kwa mwezi mzima nilidhani macho yangu ndiyo yameharibika.

Nenda dukani na flashi yenye faili zako mwenyewe: waraka mmoja wenye maandishi ya saizi 10, jedwali la fedha, picha ya uso wa mtu unayemfahamu, na kurasa tupu za rangi moja moja, yaani nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu na kijivu. Usikubali kupimiwa kwa video ya maua na maporomoko ya maji, kwa maana video hiyo imetengenezwa ili kila kioo kionekane kizuri. Hakikisha kwanza kompyuta imewekwa kwenye idadi ya pikseli za monita yenyewe, kisha fungua jedwali na uangalie kiasi kama 1,250,000. Sogea hadi umbali utakaokaa kazini na utazame mkia wa mkato: ukiuona wazi bila kuinama, maandishi ni safi, ukifanana na nukta, jaribu waya mwingine, hasa kama ulikuwa wa VGA, ule wa aina ya zamani, kabla hujailaumu monita.

Fungua kurasa za rangi. Kwenye nyeupe, tafuta kivuli au umanjano pembeni. Kwenye nyeusi, omba taa ya duka izimwe kidogo uone kama mwanga unavuja kwenye kona. Kwenye nyekundu, kijani na buluu, pikseli iliyokufa hujitokeza kama punje ya mchanga. Watengenezaji wengi huruhusu pikseli kadhaa mbovu bila kubadilisha kioo, kwa hiyo muulize muuzaji mapema waranti inasemaje, na ajibu kwa maandishi kwenye risiti.

Kisha chuchumaa na uitazame picha ya ule uso kutoka chini. Paneli, yaani tabaka la kioo linalotoa picha, ni za aina mbalimbali. Za TN, ambazo bado zipo nyingi kwenye monita za mtumba, huugeuza uso kuwa mweusi au kama negativu ya picha. Za IPS hubaki na rangi karibu ileile kila upande, na kwa steshenari ambako mteja husimama kando yako akikagua picha yake ya pasipoti, ningechagua hiyo. Za VA zina weusi mzito zaidi, ila rangi hupauka kidogo ukitazama kwa pembeni.

Jaribio ambalo wengi huliruka ni la kumeta. Punguza mwanga wa monita hadi karibu na mwisho, weka ukurasa mweupe, kisha pepea kalamu kwa kasi mbele yake. Ukiona ukungu mmoja ulioungana, taa iliyo nyuma ya kioo inawaka mfululizo. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana kama feni, taa hiyo inawashwa na kuzimwa mara nyingi kwa sekunde, na wapo watu ambao hali hiyo huwaumiza kichwa baada ya saa chache.

Mwanga wa ziwa unahitaji uangalifu wake. Sehemu kubwa ya jiji letu inaelekea ziwa kwa upande wa magharibi, hivyo jua la alasiri huingia dirishani mara mbili, moja kwa moja na kwa kuakisiwa na maji. Zima monita ukiwa dukani na utazame taa ya dari ndani ya kioo cheusi. Ukiiona taa kwa umbo lake, pamoja na vifungo vya shati lako, kioo hicho kinang'aa mno kwa chumba cha namna hiyo; taa ikitawanyika na kuwa wingu hafifu, kimefifishwa mng'ao na kitakufaa. Niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), ambazo ni za kawaida, zinatosha ndani ya chumba, mradi monita ikae ubavu kwa dirisha. Kuongeza mwanga ili kushindana na jua ni kuyachosha macho bure.

Kasi ya 60 au 75 Hz, yaani mara ambazo picha huonyeshwa upya kwa sekunde, inatosha kazi za ofisi. Hakikisha matundu ya waya yanalingana na ya kompyuta yako, na lebo ya nyuma isomeke volti 100 hadi 240. Monita ya LED inayotumia wati 20 kwa saa nane, siku 26 za mwezi, hula uniti nne na kidogo za umeme wa luku. Za zamani zenye taa za mirija zinaweza kula maradufu.

Monita ya mtumba iache iwake dakika 20 wakati mnapatana bei, kwa kuwa baadhi ya hitilafu hujitokeza ikishapata joto. Ukishalipa, ifungwe kwenye boksi, uso wa kioo usikandamizwe na kitu chochote, na uipeleke kwa bajaji badala ya kuipakata kwenye bodaboda, hasa kama nyumba yako iko juu kwenye vilima vya mawe. Rudia majaribio yote jioni hiyohiyo, ukiwa umefunga dirisha upande wa ziwa, maana vidudu vya majini hufuata mwanga na vingine hupenya hadi ndani ya kioo. Kikiingia kimoja usikibonyeze: zima monita, washa taa nyingine mbali nayo, na ukiache kitoke chenyewe.