Nampima bibi kwa kamba ya mita nne

Juni hapa Njombe baridi haina adabu. Bibi akishavaa masweta mawili, koti la marehemu babu na vitenge juu yake, mizani inadanganya. Mwaka jana nilifurahi kwamba kilo hazijashuka, kumbe nilikuwa napima nguo. Siku hizi nampima na gauni moja, jikoni kwenye moto, kabla ya uji. Zikipungua kilo 4.5 kwa mwaka bila mwenyewe kutaka, naandika daftarini alama moja ya kudhoofika kwa uzee.

Alama zenyewe ni tano, zilipangwa na Linda Fried, daktari wa wazee, na wenzake Marekani mwaka 2001: kupungua uzito, kuchoka ovyo, kupunguza shughuli, mwendo wa polepole, na mkono kuishiwa nguvu. Akiwa nazo tatu, mzee amedhoofika. Moja au mbili, yuko njiani.

Mkono hospitali wana kifaa chake. Mimi natazama tu kama bado anakamua kanga mwenyewe. Hicho si kipimo, ni dokezo.

Mwendo ndio ninaouamini. Pima mita nne kwa kamba, sehemu tambarare, piga chaki mwanzo na mwisho. Aanze hatua mbili nyuma ya chaki na apitilize ile ya mbele, ili usipime kuanza na kusimama. Fimbo usimnyang'anye. Saa ya simu ikizidi sekunde tano, ana mwendo wa chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na huo ni mwendo dhaifu. Ila usimwambie "nakupima, bibi"! Wangu alikaza kama anawahi basi la Makambako: sekunde 3.9. Nilipomwambia atembee kama anakwenda jumuiya na hajachelewa, zikawa 5.6.

Kwa nini nahangaika? Katika utafiti wa akina Fried wa watu zaidi ya 5,000 wa miaka 65 na kuendelea, baada ya miaka mitatu walikuwa wamefariki 18 katika kila 100 waliodhoofika. Kwa wasio na alama hata moja, 3. Mwili umeishiwa akiba, kichomi kidogo tu kinamwangusha.

Nilipeleka daftari kwa daktari. Akamwangalia dawa, damu, hata meno, kisha akaagiza mayai, maharage na zoezi la kuinuka kutoka kitini. Juzi bibi kapita kwa 5.1, akageuka: "Haya, na wewe pita, nikuhesabie."