Namna ya Kukagua Jaketi Okozi la Rubani wa Kijeshi

Jaketi okozi la rubani wa kijeshi linaweza kukaa miaka bila kutumika hata mara moja, na ugumu wa kulitunza uko hapo, kwa kuwa kasoro zake hazijitokezi kazini kama zinavyojitokeza za injini au za tairi. Mtungi wa kulijaza jaketi uliovuja gesi yote unafanana kabisa na uliojaa. Kwa hiyo fundi asitegemee macho peke yake. Apime, na alichopima akiandike. Katika Jeshi la Majini la Marekani, mafundi wa miavuli walifunguliwa shule yao huko Lakehurst, New Jersey, mwaka 1924, na kwa miaka mingi mwanafunzi alitakiwa kuruka kwa mwavuli alioukunja mwenyewe. Naliona sharti lile kuwa la haki, na linamfaa pia fundi wa jaketi.

Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, fungua mitungi ya hewa ukaa uiweke kando, ili kamba ya kufyatulia ikivutwa kwa bahati mbaya jaketi lisijae ghafla mezani. Kisha litandaze penye mwanga wa kutosha, ukague mishono, maungio ya gundi na hasa mikunjo, kwa sababu kitambaa cha mpira huanza kuchoka pale kilipokunjwa kwa muda mrefu. Doa la mafuta lisipuuzwe hata likiwa dogo, maana mafuta hula mpira polepole.

Kipimo cha uvujaji ndicho kinachohitaji subira kuliko vyote. Tumia hewa safi na kavu ya kompresa, si pumzi ya mdomo, ambayo huacha unyevu ndani. Jaza hadi presha iliyotajwa katika kitabu cha matengenezo cha jaketi hilo, ngoja kitambaa kitanuke, rekebisha presha, halafu uliache kwa saa zilizoelekezwa bila kuligusa. Andika joto la chumba mwanzoni na mwishoni. Chumba kikipoa, presha hushuka yenyewe na fundi akahangaika kutafuta tundu lisilokuwepo. Kikipata joto, ambalo ni baya zaidi, presha hupanda na kuficha uvujaji wa kweli. Presha ikishuka kupita kiwango, maji ya sabuni yatakuonyesha mapovu mahali penye tundu, na sabuni hiyo isuuzwe vizuri baadaye.

Ukimaliza, nyonya hewa yote itoke, kwa kuwa hewa iliyobaki hutanuka ndege inapopanda juu. Sasa urudie mitungi. Pima kila mmoja kwa mizani iliyohakikiwa na ulinganishe na uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Uliopungua kupita kiwango kinachoruhusiwa uondolewe, hata kama kizibo chake kinaonekana kizima. Kabla ya kuukaza mtungi kwenye jaketi, hakikisha mkono wa kufyatulia umerudishwa mahali pake kabisa, kwani usiporudi, sindano hubaki imejitokeza na huutoboa mtungi wakati unaukaza.

Fataki za ishara na betri hubadilishwa kwa tarehe zilizoandikwa juu yake, bila mjadala. Redio ya dharura inataka uangalifu zaidi. Setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kupokea miito ya dharura, ziliacha kusikiliza masafa ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009, na sasa hutegemea megahezi 406. Redio isiyo na masafa hayo haitasikika na setilaiti hizo. Ijaribu kwa swichi ya majaribio peke yake, kwa kuwa ujumbe wa majaribio una alama inayoutofautisha na wito wa kweli, ilhali kuiwasha kikamilifu karakanani kunaweza kuwatuma waokoaji bure.

Weka sahihi yako kwenye kadi ya jaketi baada ya kazi kukamilika, si kabla, na uhesabu zana zako kabla ya kulikunja. Unapomkabidhi rubani, mwache aishike kamba ya kufyatulia akiwa amevaa glavu, mbele yako, na mkumbushe asiivute mpaka awe ametoka nje ya ndege. Helikopta ikitua majini hupinduka kwa urahisi, na jaketi lililojazwa ndani ya ndege inayozama humwinua aliyelivaa na kumbana chini ya kile kilichoko juu yake, mbali na mlango.