Kujihami katika kesi ya mauaji yenye washtakiwa wengi: kila mmoja na utetezi wake

Washtakiwa watatu wakisimama kizimbani kwa kosa moja la mauaji na wote wakasema walijihami, mahakama haina utetezi mmoja mbele yake, ina tatu. Kila mmoja hupimwa kivyake: nini kilimtisha, aliona nini, alipiga pigo lipi, na wakati anapiga hatari ilikuwa bado ipo au imeshakwisha. Utetezi huanza kuharibika siku washtakiwa wanapokaa mahabusu na kutunga hadithi moja ya kuwabeba wote.

Maelezo haya yanafuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu. Namba za vifungu ni za Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022. Ukishika toleo jipya zaidi, linganisha namba kabla ya kuzitaja mbele ya jaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Saa nane usiku mwenye zizi anamkuta mtu mwenye panga akifungua lango la ng'ombe. Anakatwa mkononi, anapiga yowe, naye anajibu kwa fimbo ya begani. Mdogo wake anatoka ndani na rungu, anampiga yule mtu kichwani mara moja. Mtu anaanguka, panga linamtoka. Jirani anafika akiitikia yowe, anamkuta chini, anampiga mpini wa jembe kisogoni mara tatu. Mtu anafariki. Wote watatu wanashtakiwa chini ya kifungu cha 196 na 197, ambacho adhabu yake ni kunyongwa.

Sheria inawapa nini

Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine, na kulinda mali yake au ya mtu mwingine. Kwa hiyo mdogo mtu hahitaji kuwa yeye ndiye aliyekatwa. Kumtetea kaka yake kunatosha. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika kwa ulinzi huo tu. Aliyekuwa na haki ya kujihami lakini akazidisha nguvu hadi mtu akafa, kosa lake ni kuua bila kukusudia. Adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa chini ya hapo kadiri atakavyoona. Kifungu cha 18C ndicho kinachoruhusu ulinzi ufike hadi kusababisha kifo, iwapo aliyefanya aliamini kwa dhati, kwa sababu za msingi, kwamba kitendo chake kilikuwa cha lazima, na shambulio lilikuwa la aina zilizotajwa: la kutishia kifo au madhara makubwa, ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, uchomaji moto na mengine ya namna hiyo.

Kiasi cha nguvu hakipimwi kwa mizani ya dukani. Shauri la Palmer la mwaka 1971, lililotoka Jamaica na kuamuliwa na Baraza la Faragha London (mahakama ya mwisho ya rufaa kwa kesi za Jamaica), bado linategemewa Afrika Mashariki: mtu aliyeshambuliwa ghafla hawezi kupima kwa usahihi kabisa nguvu anayostahili kutumia, na mahakama izingatie hali hiyo. Shauri hilo hilo linasema pia kwamba shambulio likishakwisha na hatari ikaondoka, nguvu inayofuata ni kisasi. Hapo hakuna cha kuitwa kuzidisha, kwa sababu haki yenyewe ya kujihami imeshaondoka.

Ndiyo maana jirani wa mfano wetu yuko mahali pabaya kuliko wenzake. Njia iliyobaki kwake ni kifungu cha 11, cha kukosea hali halisi kwa dhati na kwa sababu ya msingi: kulikuwa giza, alisikia yowe la kuuawa, alimwona mtu akinyoosha mkono kuelekea panga. Lazima iwe kweli, na lazima ushahidi mwingine uibebe. Ghadhabu haitamsaidia. Kifungu cha 202 kinatambua ghadhabu ya mtu aliyetendewa mwenyewe, au aliyeona akitendewa mtu aliye chini ya uangalizi wake, mwenzi wake wa ndoa, mzazi, mtoto, ndugu, mwajiri au mtumishi wake. Mdogo wa mwenye zizi anaweza kuieleza kama utetezi wa akiba. Jirani, hapana.

Nia ya pamoja

Upande wa mashtaka hautahangaika kuthibitisha nani alipiga pigo lililoua; utakimbilia kifungu cha 23. Soma maneno yake taratibu. Kinahitaji watu waliokubaliana kutekeleza kusudi lisilo halali, na kosa lililotokea liwe ni jambo la kutarajiwa katika kutekeleza kusudi hilo. Jibu la utetezi limo humo humo: watu wanaokimbilia yowe kumwokoa mwenzao wana kusudi halali. Makubaliano hayahitaji kikao, yanaweza kuzaliwa papo hapo, na mahakama huyasoma kwenye vitendo. Kwa hiyo tafuta vitendo vinavyomtenga mteja wako na mapigo ya mwisho. Mwenye zizi alikuwa wapi jirani alipoanza kupiga? Alikuwa akifunga jeraha lake? Alisema "mwache"? Shahidi gani alisikia? Kinyume chake, maneno kama "mmalizeni" humrudisha ndani hata kama hakunyanyua mkono tena.

Saa za kwanza

Jeraha la mshtakiwa ndilo shahidi wake bora, nalo hupona. Ndugu wa mwenye zizi wadai fomu ya PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali) siku hiyo hiyo, mkono upimwe hospitali na ijazwe urefu na kina cha jeraha na aina ya silaha iliyoelekea kulisababisha. Kosa la mauaji halina dhamana, hivyo mshtakiwa hatatoka kutafuta chochote. Kazi hiyo ni ya familia: majina ya waliosikia yowe, nani alifika wa kwanza, taa ilikuwepo au la, nguo zenye damu ziko wapi.

Kituoni, muda wa msingi wa kuhojiwa ni saa 4 tangu kukamatwa, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Mshtakiwa ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili au ndugu. Akichagua kuandika maelezo ya onyo, yaani yale yanayochukuliwa na polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, aseme alishambuliwaje, maana kujihami kunakotajwa mara ya kwanza siku ya utetezi huitwa wazo la baadaye. Asiseme kwa niaba ya wenzake. Ungamo la mshtakiwa mmoja linaweza kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, ingawa Sheria ya Ushahidi inakataza mwenzake kutiwa hatiani kwa ungamo hilo peke yake.

Mawakili wangapi?

Katika mfano huu, wawili kwa uchache: mmoja wa ndugu, mmoja wa jirani. Ikiwa kaka anasema "nilimwambia mdogo wangu aache", watatu. Wakili mmoja hawezi kumwambia jaji kwamba hatari ilikwisha panga lilipodondoka, kisha akamtetea aliyepiga baada ya hapo. Mgongano ukionekana, uelezwe mahakamani mapema, kabla shahidi wa kwanza hajapanda. Familia zielewe pia kwamba Wakili wa Serikali ndiye anayeendesha mashtaka. Wakili wa utetezi anayepangwa na mahakama kwa asiye na uwezo ni mtu mwingine.

Kwenye usikilizwaji wa awali mambo yasiyobishaniwa huandikwa, husomwa na kusainiwa, na baadaye huhesabiwa kuwa yamethibitishwa. Makosa mengi yasiyorekebishika hufanyika hapa. Wakili mwenye haraka hukubali ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu, na daktari haitwi tena. Soma ripoti kwanza. Majeraha mangapi, yako wapi, lipi liliua? Ikiwa ripoti inasema fuvu lilivunjika kisogoni, wenye fimbo ya begani na rungu la utosini wanamhitaji daktari huyo kizimbani. Ikinyamaza kuhusu mahali, wanamhitaji zaidi. Kifo na jina la marehemu vikubalini. Ramani ya eneo la tukio ikaguliwe kama inaonyesha lango, mwili na panga.

Maswali ya dodoso

Mahakama ya Rufani imeshikilia mara nyingi kwamba kutomhoji shahidi wa upande wa pili (ndiyo dodoso) juu ya jambo la msingi ni sawa na kulikubali. Kwa hiyo kujihami lazima kuingie kwenye maswali ya kila shahidi wa tukio, wakili wa kila mshtakiwa kwa zamu yake: marehemu alikuwa na nini mkononi, nani alikuwa anavuja damu, mshtakiwa wa pili alipiga mara ngapi, ulisimama umbali gani, mwanga ulitoka wapi. Usiulize "walimpiga?" Neno "walimpiga" linamfunga mteja wako kwenye kamba moja na wengine. Uliza kwa namba ya mshtakiwa na kwa pigo.

Kuhusu nia ovu, yaani kusudi linalotofautisha mauaji na kuua bila kukusudia, uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994 ulitaja vya kuangalia: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Tengeneza jedwali la mambo hayo, safu moja kwa kila mshtakiwa. Mwenendo baada ya tukio usidharauliwe: aliyempigia simu mwenyekiti wa kijiji na kubaki pale hasomwi kama aliyetokomea.

Hoja ya kutokuwa na kesi ya kujibu, yaani kwamba ushahidi wa mashtaka hautoshi kumtaka mshtakiwa ajitetee, nayo itolewe kwa kila mshtakiwa. Wakikutwa na kesi ya kujibu, anayetoa ushahidi kwa kiapo atahojiwa na mawakili wa wenzake pia, na wale ndio wanaojua alichosema mahabusu. Asijaribu pia kusema hakuwepo na wakati huo huo kwamba alijihami. Jaji anapaswa kuzingatia kujihami kunakoonekana kwenye ushahidi hata kama mshtakiwa hakukutaja, lakini hawezi kumtungia simulizi.

Mzigo haumhamii mshtakiwa. Ushahidi ukishaibua kujihami, upande wa mashtaka ndio wenye kuibomoa hoja hiyo pasipo shaka ya msingi, kwa kila mmoja. Kabla ya kufika huko, wakili wa jirani awe ameshazungumza na mteja wake, faragha, kuhusu kukiri kosa la kuua bila kukusudia kama mashtaka watakubali. Na mawakili wa ndugu wawili wajue hilo linaweza kutokea: aliyekwisha kukiri na kuhukumiwa anaweza kurudi chumba kile kile kama shahidi.