Wiki moja ya yoti Dalmatia: panga safari kuanzia Ijumaa

Yoti za kukodi nchini Kroatia hutolewa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Unakabidhiwa chombo Jumamosi saa 11 jioni hivi, na Ijumaa inayofuata, kabla ya saa 12 jioni, kiwe kimerudi kwenye marina, yaani bandari ya yoti, kilikotoka, tangi la dizeli limejaa. Usiku huo mnalala humo humo, kisha Jumamosi saa 3 asubuhi mnashusha mizigo. Kwa hiyo siku za kutembea baharini ni sita, si saba, na ya sita inaliwa na safari ya kurudi. Anayepanga njia kuanzia Jumamosi ya kwanza hujikuta Alhamisi yuko mbali, upepo umegeuka na hana siku ya akiba. Anza na Ijumaa, kisha rudi nyuma.

Dalmatia ni pwani ya Kroatia, na hapa tunazungumzia sehemu yake ya kati: Trogir, Kaštela na Split upande wa bara, halafu visiwa vya Šolta, Brač, Hvar na Vis. Kwa wanaoanza ni pazuri. Visiwa vimekaribiana, maji kupwa na kujaa hayafiki hata nusu mita, na uwanja wa ndege wa Split uko kati ya Trogir na Kaštela, dakika chache kwa teksi hadi marina.

Viza kabla ya yoti

Kroatia iliingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuanza kutumia yuro tarehe 1 Januari 2023. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, isipokuwa ana kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Anayeishi Muscat au Dubai kihalali huombea huko huko. Mkataba wa kukodi yoti, ukiwa na majina ya abiria wote, ndio utakaouonyesha kama uthibitisho wa malazi.

Tatizo ni kwamba kampuni nyingi hutaka nusu ya bei wakati wa kuweka nafasi na nusu nyingine wiki nne hadi sita kabla ya safari, na viza ikikataliwa fedha hazirudi. Omba nafasi ishikiliwe kwa siku chache bila malipo, na uliza kwa maandishi kama bima ya kughairi safari inahesabu kukataliwa viza. Nyingi haziihesabu.

Mtego mwingine uko kusini. Montenegro, nchi jirani, haimo katika Schengen. Ukikodi Dubrovnik ukaamua kuchungulia ghuba ya Kotor iliyo huko, umetoka Schengen, na kwa viza ya kuingia mara moja hutaruhusiwa kurudi kukabidhi chombo.

Nani atashika usukani

Kroatia haitoi yoti kwa mtu asiye na leseni ya unahodha inayotambulika huko, pamoja na cheti cha kutumia redio ya VHF, ile ya mawasiliano baharini. Watu hukumbuka leseni wakasahau cheti cha redio. Tuma nakala za vyote viwili kabla ya kutia saini, na siku ya safari beba hati halisi. Uzoefu wa kuendesha boti ya uvuvi au jahazi, hata uwe wa miaka mingi, hauhesabiki bila karatasi.

Kama hakuna mwenye leseni, kodi nahodha. Gharama yake ni takriban yuro 200 hadi 250 kwa siku, na chakula ni juu yenu. Anahitaji pia pa kulala, jambo ambalo vikundi hulikumbuka wakishafika. Yoti ya vyumba vitatu yenye wageni sita na nahodha analala sebuleni haina raha kwa yeyote. Ushauri wetu ni mkali kidogo: chukua idadi ya vitanda kwenye tangazo, toa viwili, na hapo ndipo penye idadi ya watu wanaoweza kukaa wiki nzima bila kugombana.

Bei na fedha za pembeni

Yoti ya futi 40 isiyo mpya sana hugharimu takriban yuro 3,000 hadi 5,000 kwa wiki mwezi Julai na Agosti. Mwanzoni mwa Juni, au nusu ya pili ya Septemba, inaweza kushuka kwa theluthi, na Septemba maji bado yana joto. Katamarani, yaani yoti yenye mabodi mawili yaliyounganishwa, ina nafasi kubwa zaidi na haiyumbi sana, lakini bei yake huweza kufika maradufu, na marina humtoza mwenye katamarani zaidi.

Juu ya bei hiyo weka usafi wa mwisho, mashuka na gesi, ambavyo huwekwa pamoja kama malipo ya lazima ya yuro mia mbili hadi mia nne, kodi ya utalii kwa kila kichwa kwa kila usiku, dizeli, na maegesho. Marina ya Palmižana, mbele ya mji wa Hvar, huweza kuzidi yuro 100 kwa usiku mmoja wakati wa msimu. Konoba nyingi, yaani migahawa ya kienyeji, zina maboya yao na hukuachia ufunge bure mkila hapo. Ukitaka peka, pweza au nyama ya kondoo inayopikwa chini ya kifuniko cha chuma kilichofukiwa makaa, piga simu asubuhi. Huiva kwa saa nyingi, na ukifika jioni bila kuagiza utaambiwa haipo.

Dhamana ya chombo ni yuro 2,000 hadi 4,000, na kwa kawaida huzuiwa kwenye kadi ya mkopo siku ya kukabidhiwa. Kadi nyingi za benki zetu zina kikomo cha matumizi kwa siku. Kikomo hicho kiinuliwe kabla hujapanda ndege, la sivyo utasimama kaunta Jumamosi jioni benki yako imeshafungwa.

Jumamosi: usiwe na haraka

Wagawanye watu. Wawili waende sokoni, wawili wabaki kukagua chombo. Sheria ya Kroatia inaruhusu maduka mengi kufungua Jumapili 16 tu kwa mwaka, hivyo nunua vya kutosha Jumamosi. Maji ya kunywa piga lita mbili kwa mtu kwa siku. Tangi la yoti la lita 400 huwatosha watu sita siku tatu wakioga kwa adabu. Beba mabegi laini, kwa sababu masanduku magumu hayana pa kukaa. Plagi za pini tatu za Kenya na Tanzania haziingii kwenye soketi za huko, na umeme wa volti 230 hupatikana mkiwa mmeunganishwa gatini tu.

Kwenye ukaguzi, piga picha ubavu wote, usukani na ncha ya omo. Kunjua matanga yote mawili hadi mwisho utafute mpasuko. Shusha nanga mita chache uipandishe, uone winchi inafanya kazi. Washa injini ya kile kiboti kidogo hapo hapo. Usikubali kuambiwa "inawaka tu". Pampu kila choo. Na kwa abiria wote, kabla hata ya kufungua begi: karatasi haitupwi ndani ya choo cha yoti. Mrija wake ni mwembamba, ukiziba fundi ni wa kulipwa, na wiki yenyewe inanuka.

Pepo tatu

Maestral huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Huanza karibu saa 5 asubuhi, huwa na nguvu kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri, na jua likizama hutulia. Huu ndio upepo wa likizo.

Bura hutoka kaskazini-mashariki. Upande ni ule ule wa kaskazi yetu, lakini tabia ni nyingine kabisa: huporomoka kutoka milimani kwa mikupuo, baridi na kavu, mara nyingi mvua ikishapita na anga imeanza kung'aa. Ukiona wingu jeupe limelalia vilele vya bara, usitoke.

Jugo ni wa kusini-mashariki. Hujengeka polepole, siku moja au mbili, na huleta mawimbi marefu na mvua. Bandari inayoelekea kusini haikaliki.

Utabiri wa bahari wa idara ya hali ya hewa ya Kroatia, DHMZ, usomwe kila asubuhi na kila jioni. Dharura baharini ni simu 195 au VHF chaneli 16.

Njia yenyewe

Jumapili, Kaštela hadi Maslinica kisiwani Šolta, takriban maili 14 za baharini. Jumatatu tweka tanga mapema alasiri mshuke kusini hadi mji wa Vis, maili 20, maestral ikiwasukuma kwa nyuma. Fanyeni safari hii ndefu mapema katika wiki, hali ya hewa ikiruhusu. Jumanne zungukeni hadi Komiža, maili 10. Hapo mnapanda boti za wenyeji kwenda Pango la Buluu la Biševo, ambalo mlango wake wa watu ulilipuliwa kwa baruti mwaka 1884. Yoti haiingii, na mwanga mzuri ni kabla ya saa 6 mchana. Jugo ikivuma pango hufungwa.

Jumatano, Komiža hadi visiwa vya Pakleni mbele ya Hvar, maili 17 hivi. Alhamisi, Milna kisiwani Brač, maili 12. Ijumaa mmebakiwa na maili 14 tu, ambazo kwa injini ni chini ya saa tatu. Jumla haifiki maili 90. Jumapili jioni mkiona jugo inakuja, futeni Vis bila kusikitika na mzunguke Šolta, Brač na upande wa kaskazini wa Hvar.

Kufunga chombo gatini

Hapa ndipo dhamana nyingi hupotea. Kwenye Mediterania yoti haifungwi kwa ubavu. Huingia kinyumenyume, tezi ikitazama gati, na omo hushikwa na kamba iliyofungwa chini ya bahari.

Maboya ya kukinga ubavu yawe yameshaning'inia kabla hujakaribia, na kamba mbili za tezi ziwe tayari. Rudi nyuma polepole. Kamba ya tezi ya upande unakotoka upepo itupwe kwanza. Mfanyakazi wa gati atainua kamba nyembamba yenye utelezi: mmoja wenu aishike kwa ndoano na atembee nayo hadi omo, akivuta mpaka ifike ile nene, kisha aikaze kwa nguvu. Wakati huo wote nahodha atoe gia. Propela ikizunguka kamba ikiwa legelege ndani ya maji, inaifunga, na gharama ya mzamiaji ni yako. Vaa glavu, kamba ile ina kome wanaokata kama wembe.

Mkilala ghubani, tafuta doa la maji meupe, maana chini yake ni mchanga. Doa jeusi ni majani: nanga huteleza juu yake na kuyang'oa. Kina cha mita 8 kinataka mnyororo wa mita 40. Vuta kwa gia ya nyuma mpaka chombo kigome, kisha tazama alama mbili za nchi kavu kwa dakika 10.

Ijumaa

Foleni ya dizeli karibu na Split huanza mchana na huweza kula saa mbili. Milna kuna kituo cha mafuta. Uliza Jumamosi ya kwanza kama kampuni inakubali risiti ya huko, ujaze asubuhi na mapema. Mkifika, mzamiaji atakagua mkuku na propela, na mfanyakazi atapita na orodha ile ile ya Jumamosi. Kilichovunjika kitaje mwenyewe. Wao huhesabu hata vikombe. Usiondoke kaunta kabla ya kupewa karatasi inayosema dhamana imeachiwa, maana benki huweza kuchukua siku kadhaa kuirudisha na bila karatasi hiyo huna pa kuanzia kudai.