Somo: Virusi vinavyorudi kila ukivifuta

Kila wiki naulizwa lilelile: "Nimefuta virusi, kesho yake vimerudi, nifanyeje?" Naandika mara moja, kwa Windows 10 na 11, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, zinazofuata hazitakusaidia.

1. Zima Wi-Fi, chomoa modemu na flashi zote.

2. Hakikisha kwanza kwamba ni virusi. Kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi. Mashine ya RAM GB 4 yenye diski kuukuu ni nzito hata ikiwa safi. Dalili za kuaminika ni folda za flashi kugeuka shotikati (shortcut, faili la .lnk), Windows Security kujizima yenyewe, au tovuti za antivairasi kugoma wakati nyingine zinafunguka.

3. Nakili nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje. Chochote chenye .exe, .vbs, .js au .lnk kiache. Diski hiyo usiichomeke kwingine mpaka hatua ya 7.

4. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", ushuke mpaka "Exclusions". Hapo zimeorodheshwa folda ambazo Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) imeambiwa isiziguse. Kompyuta ya nyumbani kwa kawaida haina kitu hapo. Ukikuta C:\ nzima imeandikwa, umeshajua kwa nini antivairasi inakwambia kila siku kwamba uko salama: imefumbwa macho. Mara nyingi aliyeifumba ni ile kraki (programu ya kutumia Windows au Office bila kulipia) uliyowekewa na fundi. Kraki inakutaka uzime ulinzi kwanza, nawe unauzima kwa mkono wako. Ondoa kila usichokitambua kwenye orodha, ondoa na kraki yenyewe, kisha washa "Tamper Protection", inayozuia programu nyingine kuzima ulinzi. Kama huko tayari kuiacha kraki, usiendelee na somo hili.

5. Washa intaneti kidogo, sasisha Defender, kisha chagua "Microsoft Defender Offline scan". Kompyuta itajizima na kukaguliwa kabla Windows haijawaka, wakati virusi bado havijapata pa kujificha. Ni kama dakika 15. Laptop iwe na chaji ya kutosha, umeme wetu mnaujua.

6. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo soma yote kabla hujagusa kitu. Faili la virusi linaweza kuwa limefutwa, lakini amri ya kulileta tena ikabaki ndani ya Windows, ikisubiri uwashe kompyuta. Pakua Autoruns, programu inayoonyesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, kutoka kwenye tovuti ya Microsoft (ni ya bure), uifungue kama administrator, na uangalie "Logon" na "Scheduled Tasks". Mstari wa waridi maana yake mtengenezaji hakuthibitishwa; wa njano, faili lenyewe halipo. Waridi si hukumu! Programu za printa za zamani nazo hutokea hivyo. Tazama njia ya faili: limekaa kwenye folda ya AppData au Temp? Jina lake ni herufi zisizosomeka? Kuna wscript.exe ikifuatiwa na faili la .vbs? Huyo ndiye mwizi wako.

Ondoa tiki tu, USIFUTE. Washa upya, tumia kompyuta siku nzima. Kitu muhimu kikigoma, rudisha tiki. Na kwenye "Services" na "Drivers" usiguse chochote kwa kubahatisha: Windows inaweza kukataa kuwaka kabisa, na hapo huenda ukahitaji kuiweka upya.

7. Sasa flashi, si kabla. Ukisafisha flashi wakati kompyuta bado chafu, inaambukizwa tena palepale unapoichomeka. Usifungue shotikati yoyote. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), na kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yaliyofichwa yatatokea. Mara nyingine yamo ndani ya folda isiyo na jina, unaona ikoni tu na chini yake patupu. Watu huidhani takataka wakaifuta na kazi zao zote. Ifungue kwanza, toa vyako, kisha futa .lnk na .vbs zilizobaki.

8. Badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia simu, na uchague kuondoka (sign out) kwenye vifaa vyote.

MASWALI (kila muulizaji kwa jina la mahali alipo)

Mbale: Nimefuata yote, vimerudi. Msaada haraka.
Jibu: Hatua ya 4 ulikuta nini?
Mbale: Hiyo sikuifanya, nilidhani si lazima.
Jibu: Ni lazima. Rudi huko.

Jinja: Kwa nini usiseme tu tuformati? Hatua 8 za nini?
Jibu: Sijakataza. Kama kompyuta hiyo ndiyo ya benki au ya hesabu za duka, kuweka Windows upya ndiyo njia salama zaidi, na ningeifanya mwenyewe. Lakini ukishaformati ukaweka kraki ileile na kuchomeka flashi ileile, jioni umerudi ulikotoka.

Arua: Shikamoo mwalimu. Tasnifu yangu yote imeongezewa herufi nne mwishoni mwa majina, na kuna _readme.txt inayodai dola 980.
Jibu: Marahaba dada, pole sana. Dalili hizo ni za STOP/Djvu, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia (ransomware), inayosambaa hasa kupitia kraki. Usilipe, na usifute mafaili hayo. Safisha kompyuta kwanza, kisha nenda No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na wenzao. Kuna kifunguzi cha bure cha Emsisoft. Kikikwambia ufunguo ni wa "offline" (mmoja uliotumika kwa watu wengi), una matumaini. Ukiwa wa "online" (wako peke yako), hifadhi mafaili. Djvu hufunga kama KB 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo video na zip kubwa huokoleka kwa sehemu. Na tafuta viambatisho ulivyomtumia msimamizi wako kwa barua pepe, huenda rasimu iko huko.
Arua: Sura tatu nimezipata kwenye barua pepe! Mungu akubariki.

Wandegeya: Nina duka la kuchapa, wanafunzi wa Makerere wananiletea flashi kutwa. Nijikinge vipi ssebo?
Jibu: Swali zuri. Washa "File name extensions" ili uione ile .exe iliyojivika ikoni ya folda. Zima Windows Script Host, maana minyoo ya .vbs haiendi bila hiyo. Bora zaidi, mashine ya kupokelea flashi iwe ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows); .vbs haifanyi kazi humo, na PDF inachapika kama kawaida.

Kasese: Bando langu halitoshi kusasisha Defender.
Jibu: Mwombe mwenye Wi-Fi akupakulie mpam-fe.exe (faili la sasisho la Defender) kutoka tovuti ya Microsoft, uibebe kwenye simu. Iwe ya siku hiyo hiyo, ya mwezi jana haikusaidii.

Kasese: Na Windows 10 bado inafaa?
Jibu: Msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kama mashine haipokei 11, jaribu Linux Mint. Hilo nitaliandikia somo lake.