Kuhamisha bomba la moshi la trekta dogo la dizeli kwa kazi za chini ya michungwa

Katika mashamba ya michungwa ya Muheza, kama ilivyo katika shamba lolote ambamo trekta hupita chini ya matawi, bomba la moshi lililosimama wima juu ya boneti ni kero ya kila siku. Matunda yaliyo karibu huungua ganda, majani hukaushwa na joto, na tawi likilivuta bomba mara kwa mara, bolti zinazolishika kwenye manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini, hulegea na gasketi, ile pedi ya kuziba kiungo, huanza kuvuja. Ndiyo maana wamiliki wengi wa matrekta madogo, yale ya nguvu za farasi 20 hadi 50, huwaomba mafundi walishushe bomba lipite ubavuni mwa injini na kutokea chini. Kazi hiyo inafaa na huweza kufanywa vizuri, ila mara nyingi fundi hushika msumeno kabla ya mtu yeyote kuuliza moshi utaelekea wapi baada ya hapo.

Kabla ya kukata chochote, mwenye trekta amuulize muuzaji wa vipuri kama lipo bomba la chini lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya trekta lake. Matrekta kama Massey Ferguson 35 yalipatikana tangu zamani yakiwa na bomba la juu au la chini, na bomba la kiwandani huwa limekwisha kupimwa pamoja na injini yake. Aangalie pia rangi ya moshi. Iwapo kinachomsumbua ni moshi mweusi unaomjia dereva usoni, huenda kosa liko kwenye fileta ya hewa iliyoziba au nozeli (vipulizia dizeli) zilizochoka, na kulihamisha bomba kutauhamisha tu moshi huo bila kuuponya ugonjwa.

Mlango wa bomba, yaani mahali moshi unapotokea, ndio wa kuamuliwa kwanza, kwa sababu afya ya watu inategemea hapo. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kati ya mistari ya michungwa upepo ni mdogo, dereva hukaa saa nyingi, na wakati wa kunyunyizia dawa mara nyingi kuna vijana wanaotembea nyuma ya trekta wakishika mipira. Kwa hiyo mlango utokee chini ya usawa wa miguu ya dereva, uelekee pembeni na nyuma kidogo, upande ambao hakuna mtu anayefanya kazi. Usielekee kwenye mdomo wa fileta ya hewa wala mbele ya radieta, kwa kuwa masizi yakichanganyika na vumbi la kiangazi huziba vyote viwili haraka. Na trekta likirudi bandani lizimwe mara moja, kwani gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na moshi unaotoka chini hubaki kwenye usawa wa pua za watu na mifugo.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi ya zote ni moto. Bomba la juu hutupa cheche zake hewani, bali la chini huzipeleka kwenye nyasi, na mwezi Januari na Februari nyasi za katikati ya michungwa huwa zimekauka kabisa. Injini ikiwa na mzigo, kama wakati wa kufyeka kwa mashine ya nyuma, joto la moshi karibu na manifoldi huzidi nyuzi 400 za Selsiasi, na vipande vya masizi vinavyobanduka ndani ya bomba huweza kutoka vikiwa vyekundu. Mlango kamwe usielekezwe ardhini. Ulale sambamba na ardhi. Sailensa ibaki mahali pake, kwanza kwa sababu hupunguza cheche, pili kwa sababu sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku huharibu masikio, na injini ya dizeli isiyo na sailensa huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Dereva asimame kila baada ya muda kuondoa nyasi zilizojikusanya juu ya bomba, na trekta libebe kizima moto pamoja na dumu la maji.

Njia ya bomba ikae mbali na tangi, paipu za mafuta, mipira ya haidroliki, nyaya na tairi. Sentimita 15 ni nafasi nzuri. Pasipopatikana nafasi hiyo, liwekwe bati la kukinga joto, likiachana na bomba kwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite katikati. Tone la mafuta ya haidroliki likidondokea chuma chenye joto nililolitaja huweza kuwaka bila cheche yoyote.

Kuhusu upana, mafundi hukosea sana, maana hutumia paipu waliyo nayo karakana. Bomba la kipenyo cha milimita 50 likibadilishwa kuwa la milimita 40 linaonekana kupungua kidogo tu, lakini nafasi ya kupita moshi imepungua kwa asilimia 36. Moshi ukikosa njia injini huhema kwa shida: nguvu hushuka, joto hupanda, dizeli hutumika zaidi, na moshi mweusi huongezeka. Kipenyo kisipungue popote kile cha asili, na kwa kuwa bomba jipya ni refu zaidi, kukiongeza kidogo ni busara. Kona ziwe chache na za mviringo mpana. Kona mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja kali ya nyuzi 90.

Paipu ya maji yenye zinki isitumike, ingawa ni rahisi kupatikana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na mvuke wake wakati wa kuchomelea humpa fundi homa na kifua kubana. Itafutwe paipu ya chuma cheusi au ya ekzosi za magari.

Chuma kikipata moto hurefuka. Mita 1 ya bomba ikipanda joto kwa nyuzi 300 huongezeka milimita 3 na zaidi, kwa hiyo bomba lililofungwa kwa ugumu ncha zote mbili litapasuka au litavunja masikio ya manifoldi. Kiwekwe kipande kinachonyumbulika karibu na injini. Vishikizo vifungwe kwenye bolti za injini au za giaboksi, vinavyotikisika pamoja na bomba, wala si kwenye madigadi au ubao wa miguu. Kwa injini yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini, uzito wote ubebwe na vishikizo, tabo isibebe chochote.

Wakati wa kuchomelea, vipande vishikizwe kwa nukta chache bomba likiwa mahali pake, kisha litolewe na kumaliziwa mezani, mbali na tangi. Hata kwa nukta hizo chache, betri na alternata (mashine inayochaji betri) vitenganishwe kwanza. Gasketi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu, kwani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto. Ilowanishwe na kubanduliwa taratibu.

Baada ya saa 10 za kazi, bolti zikazwe upya injini ikiwa imepoa, na kila kiungo kikaguliwe: alama nyeusi ya masizi ni dalili ya kuvuja. Sehemu ya chini kabisa ya bomba itobolewe tundu la milimita 3 hadi 5 ili maji yatoke, na tundu hilo lizibuliwe kila wiki wakati wa masika, matope yanaporuka. Trekta likikaa siku nyingi bila kazi, nyigu wa udongo hupenda kujenga ndani ya bomba lililolala, kwa hiyo mdomo wake uzibwe kwa kopo lililofungiwa kitambaa chekundu kirefu, na ncha ya kitambaa ifungwe kwenye usukani ili dereva akumbuke kulitoa kabla ya kuwasha.