Namna ya kumfanya msomaji amhurumie mhusika mpweke

Msomaji hamhurumii mhusika kwa kuambiwa kwamba ni mpweke. Humhurumia anapojikuta yeye peke yake ndiye anayejua mtu huyu anataka nini, huku wote waliomzunguka hawana habari. Siri hiyo ndiyo unayotakiwa kuijenga.

Anza na haja ndogo, inayoshikika. Tuseme ni mlinzi wa usiku kwenye shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, msimu wa mavuno ya Agosti. Ukiandika kwamba anatamani kupendwa, msomaji hana cha kushika. Andika kwamba anataka kijana wa bodaboda anayepita kila alfajiri azime pikipiki, wazungumze kidogo. Basi.

Kisha mpe majaribio. Katika hadithi ya maneno 1,500 matatu yanatosha, na la kwanza lianze kabla ya neno la 300. Anapunga mkono, kijana anapiga honi na kupita. Kesho yake anamngoja barabarani na kishada cha zabibu. Kijana anapokea, anasema "Asante, mzee," injini ikiunguruma. Mara ya tatu, akitoka zamu, anaomba apelekwe mjini ingawa hana shughuli huko, na njia nzima upepo unayachukua maneno yake. Kijana anajua amebeba abiria. Msomaji anajua zaidi, na huruma huzaliwa hapo hapo.

Angalia pia kwamba zabibu zile si zake. Usiifute dosari hiyo. Mhusika asiye na kosa lolote hugeuka sanamu, na kijana naye asiwe katili: ana abiria wanaomngoja. Ubaya wa mtu mmoja humpa msomaji wa kumlaumu, na hasira hufunika huruma.

Simulizi ikae upande wa mlinzi mwanzo hadi mwisho. Ukiingia kichwani mwa kijana hata kwa sentensi moja, siri imevunjika.

Kinachoharibu hadithi nyingi za namna hii ni kurundika misiba: kafiwa, kafukuzwa, tena anaumwa. Msomaji huanza kuuona mkono wa mwandishi. Machozi nayo yapunguze sana. Mhusika akishalia, msomaji hana kazi tena.

Rasimu ikikamilika, wape watu wawili waisome, uwaulize: "Huyu mzee anataka nini?" Wakijibu "furaha," rudi kwenye jaribio la kwanza. Wakikutajia pikipiki izimwe, endelea kusahihisha tahajia.